Umehamia Arusha na wikendi unalala tu? Soma hapa

Juzi Jumanne nilipokea ujumbe wa kaka mmoja wa Malindi. Kampuni yake imemhamishia Arusha, yuko wiki ya sita sasa, kapanga Njiro. Ameandika: "Dada, naona picha zako. Leo uko Tengeru, kesho Momella, Idd umepikia mtaa mzima. Mimi Ijumaa nikitoka kazini nafunga mlango mpaka Jumatatu. Huu mji mlango wake uko wapi?"

Nimeusoma mara tatu. Swali hilo nilikuwa nalo mwaka wangu wa kwanza, ila mimi sikuwa na wa kumwuliza. Nikaanza kumjibu palepale kwenye simu, jibu likazidi kurefuka, nikasema basi, naliandika hapa, maana najua hayuko peke yake. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, mashirika nayo yamejaa, kwa hiyo Wakenya, Waganda na Warundi tuliokuja kikazi tupo wengi. Na wengi wetu tunaishi mji huu kama tumekaa stendi, mizigo miguuni.

Mimi ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Kibokoni. Kabla ya huku nilifanya kazi Nairobi miaka sita. Nilivuka Namanga mwezi wa Juni, miaka mitano iliyopita, na mabuibui matatu mepesi na viatu vya wazi. Juni! Atakayekuja kutoka Pwani nimwambie mapema: Juni na Julai Arusha ni baridi. Mlima Meru unafunikwa na mawingu siku kadhaa huuoni, na ukinawa uso alfajiri vidole vinakufa ganzi. Wiki ya kwanza nilikwenda Kilombero sokoni nikanunua koti la mtumba, na lile koti ninalo mpaka leo.

Nilipanga chumba na sebule uani kwa mama mmoja mjane, Mchaga wa Kibosho, maeneo ya Sakina. Namwita Mama. Siku ya tatu, jioni, akabisha hodi na bakuli la udongo limefunikwa sahani. Mtori, ule uji mzito wa ndizi na nyama, wa moto, mvuke unatoka pembeni. Nikapokea, nikashukuru, nikafunga mlango. Sikuula. Nilijiambia sijui nyama imechinjwa na nani, na badala ya kuuliza nikaumwaga. Asubuhi nikamrudishia bakuli lake limeoshwa, jeupe, tupu.

Mimi, niliyelelewa na bibi ambaye hata kama nyumbani hakuna kitu alitia ndimu mbili kwenye sahani ya jirani, maana chombo cha watu hakirudi kitupu. Nairobi ilikuwa imenikausha. Mama alipokea bakuli, akaliangalia ndani, akasema "asante mwanangu". Yale macho aliyoangalia nayo ndani ya bakuli sijayasahau. Hakuleta tena chakula kwa miezi mitano.

Nakwambia haya, kaka yangu, kwa sababu ndipo mlango ulipokuwa, na niliufunga kwa mkono wangu.

Miezi ile niliitumia kusubiri wageni wenzangu. Kazini tulikuwa kama kumi hivi tusio Watanzania, na kulikuwa na kundi la simu la kupanga matembezi. Nilidhani hao ndio watakaonionyesha mji. Ikaja Desemba. Wakapanga kwenda Chemka, zile chemchemi za maji maangavu kule Hai, halafu Marangu kwenye maporomoko. Nikaomba kwenda. Nikaambiwa gari limejaa, pole sana. Tarehe 24 picha zikaanza kuingia. Kwenye picha moja mlango wa gari uko wazi, na kiti cha nyuma, upande wa dirisha, kimewekwa kikapu cha vinywaji. Kiti kizima. Mpaka leo nikikutana na mmoja wao mjini namsalimu vizuri, lakini kile kikapu nakiona.

Na uchungu wa siku ile ulikuwa wa pande mbili, kwa sababu wiki moja kabla Mama alikuwa ameniambia, "Twende Kibosho na wewe ukahesabiwe." Huku kaskazini Desemba Wachaga wanarudi kwao, na watu husema wanakwenda kuhesabiwa. Mimi nikamjibu kwa heshima zote: "Mama, mimi Muislamu, Krismasi nitaifanya nini?" Akasema haya. Wakaondoka wote. Mtaa ukanyamaza. Duka la Mangi limefungwa, kwa sababu Mangi naye kaenda kuhesabiwa. Genge la mboga halipo, muuza maziwa hapiti. Tarehe 25 nilikula mkate mkavu na chai ya rangi, nikalala saa mbili usiku.

Mwaka uliofuata sikungoja amalize sentensi. Aliposema "Desemba hii..." nikasema ndiyo.

Tuliondoka saa kumi alfajiri, maana barabara ya Moshi siku hizo imejaa magari kutoka Dar es Salaam. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80 tu, lakini siku ya Desemba 24 hesabu za kilomita weka pembeni. Moshi mjini palipopambazuka, nikauona. Kibo nzima, kilele cha Kilimanjaro, mawingu hayajaamka, theluji imepata rangi ya waridi. Mtu akienda Moshi aamke mapema. Ikishafika saa nne mlima unajifunika na hutauona tena hadi jioni, au kesho. Mita 5,895 zinajificha kabisa kama hazipo.

Kihamba cha kina Mama, yaani shamba la ukoo, ni migomba na mibuni iliyoshikana, njia ya mtu mmoja katikati, na mfongo wa maji unapita nyuma ya jiko. Nilipoingia jikoni nikaona sufuria mbili mpya. Moja bado ilikuwa na karatasi ya duka imebanduliwa nusu. Nikauliza za nini. Dada mmoja akanijibu, huku anachochea moto, "Za kwako. Mama alipiga simu tangu Novemba." Na mbuzi wangu alikuwa amefungwa pembeni, hajaguswa, anangojwa mzee mmoja Muislamu wa kijiji cha chini aje achinje. Palikuwa na supu ya kisusio inapikwa kwa wengine, ile yenye damu, na nikaambiwa waziwazi, "Hii si yako, usije ukakosea." Wazee walikunywa mbege, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu, mimi nikapewa maziwa ya moto. Hakuna aliyenilazimisha kitu.

Jioni kaka mkubwa wa Mama, ambaye wote tunamwita Babu, akasimama uani na kuanza kuita majina, tawi kwa tawi. Wa Dar es Salaam. Wa Mwanza. Wa Dodoma. Watoto wanaitika. Akafika mwisho, akaangaza, akauliza, "Na wa Mombasa yupo?"

Nikaitika, "Yupo!"

Nimeandika hapa nikafuta, nikaandika tena, sijui niwaelezeje ilivyokuwa. Nilikuwa na miezi kumi na minane Arusha, na siku hiyo ndiyo nilihamia.

Sasa, ushauri. Wa kwanza na mkubwa: kubali. Ukiletewa sahani, pokea. Una shaka na nyama, uliza, "Mama, hii imechinjwa na Muislamu?" Hakuna atakayekasirika, watu wa huku wamezoea kuishi na Waislamu, na mara nyingi jibu ni ndiyo. Kinachoumiza ni kukaa kimya.

Wa pili: jifunze kusema "naomba". Sisi tuliopitia Nairobi tunaingia mgahawani tunasema "nipe chai", na hatuna ubaya, lakini masikioni mwa Mtanzania inagonga. "Naomba chai" na "shikamoo" kwa aliyekuzidi umri vitakufungulia zaidi ya pesa. Mimi kwa lafudhi yangu kila mtu alinidhania Mzanzibari, na baada ya kusema "naomba" kwa mwezi mmoja, yule mama wa ndizi pale sokoni akaanza kunichagulia mwenyewe chane nzuri.

Na ndizi ni somo zima. Mombasa ndizi ni ndizi. Huku ukisema unataka ndizi utaulizwa: za nini? Za mtori ni mshare. Nilijifunzia jikoni kwa Mama. Unapaka mafuta mikononi kabla ya kumenya, la sivyo utomvu unakuachia weusi kwenye vidole na kisu siku mbili. Ukimenya tu unatumbukiza kwenye maji zisibadilike rangi. Nyama ya mifupa unaichemsha kwanza mpaka ilainike, unatia ndizi na kitunguu, zikiiva unatoa nyama kando, unaponda kwa mwiko ukibana sufuria kwa miguu kama una nguvu za Mama, mpaka unakuwa uji mzito usio na vidonge. Ndipo nyama inarudi. Mzazi aliyejifungua hupewa huu ndio apate nguvu. Mimi mtori wa kwanza nilioupika mwenyewe niliupeleka kwa Mama kwenye lile bakuli lake la udongo, nimelijaza mpaka ukingoni. Tulikula wawili, hatukuzungumza habari ya zamani, lakini tulijua.

Vingine utavikuta. Loshoro ya Waarusha, mahindi na maziwa mgando, kwa mtu wa tui la nazi inataka mara tatu ndipo ulimi uelewe, na mara ya tatu ikifika huachi. Makande ni ile pure ya kwetu, usiishangae. Nyama choma nenda Kwa Mrombo, na nenda na njaa ya kadiri, si ya kufa, kwa sababu unachagua mwenyewe buchani, inapimwa kilo, halafu unangoja si chini ya saa nzima. Inaletwa juu ya ubao, imekatwakatwa, chumvi kirundo pembeni, pilipili, kachumbari, ndizi za kuchoma. Hakuna uma. Ukienda peke yako utaangalia kilo yako ya mbuzi na kuona haya, kwa hiyo tafuta watu. Meza ya jirani ikikukaribisha, kubali. Nimeshasema hili, nalirudia.

Kuhusu pa kutembelea, mjini kwenyewe pa kukaa chini ya mti ni pachache. Kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo sasa ni makumbusho, na jumba la makumbusho ya Azimio la Arusha la 1967, karibu na Mnara wa Mwenge. Mimi nilipita mara kadhaa mbele ya uwanja wa Sheikh Amri Abeid bila kujua ni nani, mpaka siku moja mzee mmoja wa bajaji akanieleza kuwa ni Kaluta, mshairi, yule yule aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Uwanja wa mpira umepewa jina la mshairi! Mtu wa Mombasa nikamwambia dereva asimame.

Lakini raha yenyewe iko nje kidogo. Jumamosi panda hiace za Usa River, ushuke Tengeru. Soko la Jumamosi linafurika, mikungu ya ndizi imelazwa chini kama mitumbwi imepandishwa pwani. Ukimaliza kununua, tembea hadi ziwa Duluti. Ni ziwa la kasoko, yaani shimo la volkano, duara, kimya, limezungukwa na msitu, na kuna njia ya miguu ya kulizunguka. Kiingilio kipo, kidogo. Miezi ya upweke nilikuwa nakaa mjini nikilalamika hakuna pa kwenda, na Duluti ilikuwa pale, karibu na barabara kuu.

Halafu Hifadhi ya Taifa Arusha. Hapa nisikilizeni vizuri Wakenya wenzangu: sisi raia wa Afrika Mashariki tunalipa kiingilio cha raia, kwa shilingi, si zile dola za watalii. Beba kitambulisho chako, na fedha iwe kwenye simu au kadi maana langoni hawashiki pesa taslimu. Mwaka wangu wa tatu nilichangisha akina mama wa mtaa wetu, tukakodi Noah, tukawa wanawake wanane na vikapu. Tukaingia lango la Ngongongare. Hatujaenda mbali tukafika uwanda unaoitwa Serengeti Ndogo, twiga sita wamesimama, nyati kwa mbali. Mbega juu ya miti, mikia yao meupe inaning'inia kama pindo la shela. Tukasimama ukingoni mwa kasoko ya Ngurdoto, ambako hairuhusiwi kushuka, unatazama tu kutoka juu na nyati wanaonekana kama punje za pilipili manga. Tukamalizia maziwa ya Momella, heroe wameweka mstari wa waridi ukingoni.

Mama alikuwa na miaka 61 siku hiyo. Amezaliwa chini ya Kilimanjaro, ameishi chini ya Meru zaidi ya miaka thelathini, na alikuwa hajawahi kuingia hifadhini hata siku moja. Watalii wanapita mbele ya geti lake kila asubuhi kwenda huko. Alishika dirisha la Noah kwa mikono miwili, akasema polepole, "Kumbe wako karibu hivi." Njia nzima ya kurudi alikuwa anarudia sentensi hiyo. Naona fahari, na siifichi: mgeni wa Mombasa ndiye aliyempeleka.

Kwa sherehe, kalenda yangu sasa imejaa. Mwisho wa Februari ni Kilimanjaro Marathon kule Moshi, kuanzia Chuo Kikuu cha Ushirika. Mbio za kilomita 42 na 21 waachie wenye mapafu, ile ya kilomita 5 ni ya watu wote, watoto na bibi zao, na nimeikimbia mara mbili kwa hijabu yangu. Nane Nane, sikukuu ya wakulima ya Agosti 8, viwanja vya Themi huko Njiro, ambako kaka yangu wa Malindi umepanga hapo hapo, kanda nzima ya kaskazini inaleta ng'ombe, mbegu, asali na kahawa. Nenda. Usiseme wewe si mkulima.

Na Idd. Idd ya kwanza nilikuwa peke yangu. Idd iliyopita nilipika pilau ya kilo kumi na tano, mahamri ambayo majirani wameng'ang'ania kuyaita maandazi, na mbaazi za nazi. Nazi nilikuna mwenyewe usiku na binti wa jirani yangu. Walikuja watu 43. Nilihesabu. Babu aliletwa kutoka Kibosho kwa gari, akakaa kwenye mkeka na fimbo yake, akala mbaazi sahani mbili. Wale wenzangu wa kazini wa miaka ile, niliwaalika pia. Walikuja wawili, mmoja wao ni yule mwenye gari. Nilimpa kiti. Hakujua kwa nini nilisimama pale muda mrefu nikimwangalia amekaa.

Ndugu zangu mliokuja kikazi, acheni kuishi nyuma ya geti. Acheni kukaa kwenye makundi ya simu mkilalamika kwamba Arusha imepoa, Arusha haina kitu, Watanzania hawasemi lililo moyoni. Mmewauliza? Mmewahi kuingia jikoni kwa mwenye nyumba wenu mkamenya ndizi? Mtu anamaliza mkataba wa miaka mitatu, anaondoka na picha za Ngorongoro, na hajui jina la mtoto wa mlinzi wake. Kisha anasema mji haukumpokea. Mji ulileta bakuli. Najua, kwa sababu mimi nililimwaga.

Kaka wa Malindi, Jumamosi hii saa mbili asubuhi nitakuwa Tengeru na Mama, tunanunua mshare. Tutashuka kwenye hiace upande wa sokoni, utamwona mwenye kitenge cha bluu na kikapu kikubwa kuliko yeye, huyo ndiye. Vaa viatu vya kufunika, kuna tope. Nimeshamwambia unakuja, naye ameuliza swali moja tu, kama unakula pilipili.